Sampuli 192,000 za Nini?

Siku hizi mafundi wa Kariakoo hutushauri sisi wazee wenye santuri tuzihamishie kwenye kompyuta kwa sampuli 192,000 kwa sekunde, eti ndiyo sauti yenyewe. Nakataa! Sikio la binadamu hukomea mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Langu limekwisha kukomea chini ya hapo. Sampuli 44,100, kipimo cha sidii tangu 1982, zaibeba yote. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, hadai zaidi. Namba kubwa hujaza diski mara nne na ushei, basi.

Kinachoua santuri ni sindano iliyochakaa. Ikikwangua mfereji, hakuna sampuli itakayourudisha. Tena wengine huchomeka waya kwenye tundu la redio la amplifaya, si la santuri: besi hupotea, sauti ikawa ya bati. Kabla hajanitajia namba, fundi anionyeshe sindano yake.