Lugha ya Darasani na Mtoto wa Visiwani

Tangu tarehe 23 Septemba, 1964, elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo Visiwani, hesabu yetu kubwa imekuwa ya majengo na madawati. Ilikuwa hesabu ya haki. Lakini mtoto kuwamo darasani ni jambo moja, na kusoma ni jambo jingine.

Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Tujiulize: mtoto wa Micheweni au Makunduchi alikuwa akisikie wapi Kiingereza hicho? Nyumbani hakipo, pwani hakipo, na chuoni, ambako aghalabu mwalimu humsikiliza mmoja mmoja, asichokifahamu hufasiriwa kwa Kiswahili. Skulini akaitikia pamoja na wenzake maneno asiyoyajua. Mwalimu, ambaye naye hakuwa na hakika na lugha ile, akarudi kwenye Kiswahili ili aeleweke. Kisha mtihani ukaja kwa Kiingereza. Mtoto wa namna hiyo huitwa mzito wa akili, na msimu wa karafuu ukifika, haoni sababu ya kubaki darasani.

Wapo wazee wanaotaka Kiingereza mapema kwa ajili ya kazi za mahoteli. Hoja yao si ya kudharauliwa hata kidogo. Ila lugha husomeshwa kama somo, na walimu walioandaliwa. Haisomeshwi kwa kumkosesha mtoto sehemu na desimali.

Wakaguzi wa elimu waende katika kila darasa linalosoma Hisabati kwa Kiingereza, wakae nyuma, wahesabu ni watoto wangapi wanaothubutu kuuliza swali.