Mnara wa Chumbe Unatuhusu Hata Sisi wa Bara

Ndugu wa Issuna, na wa Singida kwa jumla, tusidhani kwamba mnara wa taa ni shauri la mabaharia peke yao. Gunia la vitunguu likitoka huku likavushwa kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, usalama wake majini ni faida yetu, na hasara yake ni yetu pia. Katika njia hiyo, kusini mwa Mji Mkongwe, kipo kisiwa kidogo cha Chumbe, na juu yake mnara uliojengwa na Waingereza mwaka 1904. Unastahili kutunzwa, tena utunzwe ukiwaka.

Wako wasemao kwamba siku hizi meli huongozwa na setilaiti, hivyo mnara umepitwa na wakati. Ni kweli kwa meli kubwa. Lakini mwenye ngalawa au dau mara nyingi hana kifaa cha setilaiti, na hata mwenye nacho hujikuta gizani betri ikiisha. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wengine watauliza mnara ulisaidia nini Julai 2012, feri ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe na watu wengi wakapotea. Jibu ni kwamba chombo kile kilizidiwa na upepo mkali na mawimbi, hakikupotea njia. Taa humwonyesha nahodha mahali penye mwamba, ila haimzuii kung'oa nanga siku ya tufani. Ajali ile yatudai ukaguzi na tahadhari zaidi, wala haitupi ruhusa ya kuizima taa.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha: kwa nini tukarabati mnara wakati vijiji vinadai maji na dawa? Chumbe yenyewe yajibu. Miamba yake ya matumbawe ilitangazwa hifadhi mwaka 1994. Waliokuwa wavuvi wakafundishwa ulinzi wake, nyumba ya mtunza taa ikageuzwa kituo cha wageni, na malipo ya watalii husaidia kuendesha hifadhi na kuwaleta wanafunzi kusoma bahari. Basi jengo la kale likipewa kazi ya pili bila kunyang'anywa ya kwanza, hupunguza mzigo wake lenyewe. Wenye mamlaka na waipime minara mingine ya pwani yetu kwa kipimo hicho, kabla ya kuiacha ianguke. Nasi wa bara tuwaulize wawakilishi wetu, maana bandari ni ya taifa zima.