Mhitimu wa fizikia achague jembe lake

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu huwatunuku vijana shahada za fizikia, na kila mwaka wengi wao hurejea nyumbani na swali moja: nitafanya kazi gani huku nikingojea nafasi ya kusomea shahada ya uzamili? Jibu wanalopewa na jamaa aghalabu ni lile la wahenga, kwamba mchagua jembe si mkulima. Mimi nimelifundisha somo hili kwa miaka mingi, na siafikiani na ushauri huo.

Naam, kijana anayetegemewa kuwalipia nduguze karo hawezi kulaumiwa akishika kazi ya kwanza aipatayo. Lakini elimu ya fizikia ni kama panga: lisiponolewa hushika kutu. Mhitimu akikaa miaka miwili akihesabu fedha kwenye kaunta, atarudi chuoni akili yake imesahau kalkulasi na mikono yake imesahau vyombo vya maabara.

Wengi hupekua magazeti wakitafuta tangazo lisemalo, "Anatakiwa mwanafizikia." Tangazo hilo ni adimu, kwa kuwa kazi zenyewe zimejificha chini ya majina mengine. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina maabara za kusahihishia mizani na vipimajoto. Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga hupima mvua, upepo na joto. Huko Olkaria, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981, kuna visima ambavyo joto na shinikizo lake sharti lijulikane. Isitoshe, Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 iliunda mamlaka ya kusimamia usalama wa mionzi nchini, ikiwemo ile itumiwayo hospitalini.

Ualimu nao si wa kudharauliwa, kwani humlazimisha mtu kuielewa upya misingi ya somo. Hata hivyo, mwenye shahada ya sayansi pekee akitaka kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), hana budi kupata kwanza stashahada ya uzamili katika elimu. Ni heri alijue hilo mapema.

Albert Einstein alihitimu Zurich mwaka wa 1900, akakosa kazi chuoni, akafundisha shuleni kwa muda. Mwaka wa 1902 aliajiriwa katika ofisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mitambo ya wavumbuzi, na alikuwa angali huko alipochapisha makala zake mashuhuri za 1905. Hiyo haikuwa kazi ya chuo kikuu, lakini haikuilaza akili yake.

Kwa hivyo nawasihi wahadhiri wawaeleze wanafunzi mambo haya tangu mwaka wa pili, wala wasingoje siku ya mahafali. Waajiri nao waitaje fizikia waziwazi miongoni mwa shahada wanazozikubali. Si haki kumfungia mlango kijana awezaye kazi kwa sababu tu jina la shahada yake halikuandikwa.

Nawe mhitimu, ufikapo kwenye lango la kampuni, usiulize kama kuna kazi ya fizikia. Uliza: hapa hupimwa nini, na ni nani anayekipima?