Ubongo wa panya hautoshi

Demenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra hadi mtu ashindwe kujitegemea, ilikadiriwa kuwapata watu milioni 57 mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti hupiga picha za ubongo wa panya waliotiwa jeni za binadamu, ili wafuatilie amiloidi, protini inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer unaosababisha demenshia, bila kumuua mnyama; hata hivyo, dawa nyingi zilizowafaa panya hazikuwafaa wagonjwa. Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Makerere hakina budi kuwezeshwa na serikali kuwapima wazee wa Uganda wenyewe, kwa ridhaa yao.