Lisha ndege dirishani, lakini nawa mikono

Leo tuzungumze kuhusu jambo ambalo huenda hujawahi kulihusisha na afya yako: ndege wanaokuja uani.

Dada yangu anaishi Columbus, Ohio, nchini Marekani, pamoja na baba mkwe wake aliyepata kiharusi. Msimu wa baridi ulipoingia, mzee alikuwa hatoki nje, hazungumzi, chakula anakisukuma pembeni. Jirani akamshauri dada atundike trei ya chakula cha ndege mbele ya dirisha la mzee na kuijaza mbegu za alizeti, kwa ajili ya kadinali.

Kadinali dume ni mwekundu, ana kishungi. Jike ni wa rangi ya hudhurungi. Hawahami wakati wa baridi, hivyo theluji ikitanda wao bado wapo. Hupenda trei pana na imara, iliyo karibu na kichaka, na huja mapema asubuhi na jioni. Mzee akaanza kuamka mapema kuwasubiri. Akawa anawahesabu kwa vidole vya mkono ule ule uliolegea.

Kisha mjukuu wa miaka mitatu akashikwa na homa na kuhara. Vipimo vikaonyesha bakteria wa salmonella. Mtoto alikuwa akichezea maganda ya alizeti chini ya trei, nayo trei haikuwa imeoshwa tangu itundikwe. Hatuna uhakika kama alipata huko, lakini dada alinipigia simu akasema, "Kaka, naitupa."

Nilimwambia asiitupe, na wewe mzazi au mgonjwa nakuambia hivyo hivyo. Mgonjwa anayekaa ndani anahitaji kitu cha kumtoa kitandani asubuhi. Kosa si ndege, ni uchafu. Ndege wengi wakila sehemu moja, kinyesi chao huangukia chakula, kisha bakteria huhamia kwenye mkono na mkono huenda mdomoni. Mwaka 2021 mamlaka za afya za Marekani zilihusisha mlipuko wa salmonella kwa binadamu na ndege wa porini, zikawahimiza watu kusafisha trei zao.

Fanya hivi. Osha trei kwa sabuni angalau kila baada ya wiki mbili, kisha iloweke kwa jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, uisuuze na kuikausha kabisa. Ioshee nje, si kwenye sinki la vyombo. Fagia maganda yaliyo chini. Nawa mikono kwa sabuni kila ukiigusa. Mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee na mwenye kinga dhaifu wasiishike; waangalie tu. Ukiona ndege wagonjwa au waliokufa, ondoa trei kwa muda na usiwaguse kwa mikono mitupu.

Mtoto akiharisha, mpe ORS. Usimnunulie antibiotiki kwa kubahatisha. Akiharisha damu, akishindwa kunywa, macho yakizama au mkojo ukipungua, mpeleke hospitali mara moja.

Hapa kwetu hatuna kadinali, lakini kuna shomoro na njiwa. Kiganja cha mtama na bakuli la maji vinatosha kumpa mgonjwa wako kitu cha kutazama, ilimradi ubadilishe maji kila siku na usafi uwe ule ule. Wenye kufuga kuku, haya yanawahusu pia.

Mjukuu yule alipona. Siku hizi anakaa ndani ya kioo, mapajani mwa babu yake, na wanahesabu pamoja. Trei huoshwa na dada kila Jumamosi ya pili. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na ndiyo inayowaruhusu wote wawili kukaa hapo dirishani.