Ngorongoro au Rufiji?



Vijana wetu wa Kibuta wamegawanyika kuhusu safari yao ya mwaka huu. Upande mmoja wataka Ngorongoro. Upande wa pili wasema Rufiji, yaani Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tumeombwa tutoe neno, nasi hatutazunguka: sisi tuko upande wa Rufiji.

Ngorongoro ipewe kwanza haki yake. Ukisimama ukingoni asubuhi, ukungu unapojitandua, waona chini yako bonde la kilomita za mraba zipatazo 260, limezungukwa na kuta zenye kimo cha mita 600 hivi. Ni volkano iliyoporomokea ndani yake yenyewe zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Humo wamo faru weusi, ambao Rufiji mgeni hana tumaini kubwa la kuwaona. Anayedai kwamba Rufiji ina mandhari ya kuishinda hiyo asema uongo, na uongo hausaidii hoja njema.

Lakini na tuhesabu. Kutoka kwetu hadi lango la Ngorongoro ni zaidi ya kilomita 750. Siku nzima barabarani kwenda, siku nzima kurudi. Basi la kukodi halishuki bondeni. Yahitajika magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na kila gari hulipiwa ushuru wake wa kushuka, mbali na kiingilio cha kila mtu. Matokeo yake twayajua. Wenye mishahara Dar es Salaam watakwenda. Kijana auzaye mihogo na mafenesi kando ya barabara atachanga miezi mitatu, kisha ataambiwa kwamba fedha hazijatimia. Atabaki nyumbani, na wenzake watarudi na picha za kumwonyesha. Kwetu sisi jambo hilo ni zito kuliko faru wote wa bondeni, kwa kuwa safari hii iliitishwa kwa jina la jumuiya, si kwa jina la wenye uwezo.

Rufiji haifiki nusu ya umbali huo. Wakati wa kiangazi basi la kawaida la abiria hufika Mloka, kijiji kilicho jirani na lango la Mtemere, na huko boti hupanda mto katikati ya viboko na mamba. Hifadhi yenyewe, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, ina kilomita za mraba 30,893, yaani inaizidi kidogo nchi ya Ubelgiji. Wamo mbwa mwitu, walioadimika mahali pengi barani. Na yaruhusiwa kutembea kwa miguu pamoja na askari mwenye bunduki, jambo lisilowezekana kule bondeni, ambako mgeni hutazama kupitia dirishani.

(Jina nalo lina neno lake. Selous alikuwa mwindaji wa Kiingereza, aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi Januari 1917 na kuzikwa hukohuko. Nyerere alikuwa mwalimu wa Pugu, jirani yetu, hadi mwaka 1955.)

Wako wasemao kwamba Rufiji ni kama nyumbani tu: joto lilelile, vumbi lilelile. Ndiyo, na hiyo ndiyo sababu yetu ya pili. Mto huo unatuhusu. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa humo kuzalisha megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na mwezi Aprili mwaka huohuo mafuriko yaliyafunika mashamba ya ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti. Tembo wa Selous walikadiriwa kuwa 110,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000, sehemu kubwa wakiwa wameuawa kwa ajili ya pembe. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 wilayani Rufiji. Twataka vijana wetu walale usiku mmoja Mloka na kuwasikiliza wazee wanaolinda mashamba yao dhidi ya tembo, ndipo wapande boti. Ngorongoro nayo ina wenyeji wake, Wamasai, ambao tangu mwaka 2022 wengi wamehamia Msomera wilayani Handeni. Lakini mgeni wa siku moja huwapita kwa gari.

Ngorongoro haihami. Atakayejaliwa ataiona kwa mfuko wake mwenyewe, nasi tutamtakia heri.

Kwa safari hii twapendekeza mwezi Agosti, kwa maana wakati wa masika barabara za hifadhi hazipitiki. Michango ipangwe kwa kiasi anachokiweza yule mwenye kipato kidogo kuliko wote, na walio nacho waongeze kimyakimya. Nguo za bluu na nyeusi ziachwe nyumbani, maana mbung'o huzifuata sana. Hata sisi kanzu yetu nyeusi tutaiacha sakristia.