Minofu Ulaya, mapanki Magu
Mkataba wa Lomé wa mwaka 1975 ulizifungulia bidhaa zetu soko la Ulaya bila ushuru, na baadaye minofu ya sangara ikapita mlango huohuo. Si mkataba uliomleta sangara Ziwa Victoria. Alipandikizwa miaka ya 1950, na aina nyingi za furu, kitoweo cha wazee wetu, zikatoweka. Lakini soko ndilo lililotufanya tumtegemee. Viwanda vikajengwa Mwanza, ajira zikapatikana, nami sizibezi. Ila huku Magu, kwenye mialo ya Ghuba ya Speke, minofu ilipopanda ndege tulibakiziwa mapanki, yaani vichwa na mifupa, na kuni za kuyakaangia zilikatwa vichakani mwetu. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko kwa sababu ya sumu iliyotumika kuvulia samaki. Sahani yao ilipoguswa, hatua zilichukuliwa upesi. Wavu wa kokoro unaokomba samaki wachanga haukuamsha hasira ya namna hiyo. Hata Tanzania ilipokataa kusaini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya mwaka 2016, hoja kubwa ilikuwa kulinda viwanda. Safari ijayo wajumbe wetu wayaweke mezani na mazalia ya samaki, na wavuvi wa Magu wawemo chumbani.